Mwenye Mpira wa Mbali Aanze

Neno gofu lilikuwemo katika Kiswahili kabla mchezo wenyewe haujafika kwetu. Gofu ni nyumba iliyobomoka zikabaki kuta. Nenda Kilwa Kisiwani ukayaone magofu. Halafu akaja Mwingereza na fimbo zake na kimpira chake cheupe, na jina la mchezo wake likaangukia palepale kwenye neno letu. Sisi vijana wa uswahilini tunaopita nje ya seng'enge tukiwatazama watu wazima na kofia zao wakikifuata kimpira kwenye nyasi, huwa tunacheka mpaka basi. Wanatafuta nini hawa? Si wakainunue mingine?

Leo sitaki kucheka. Nataka niulize swali moja tu juu ya historia ya mchezo huu: mkongwe alimtendea nini mwanagenzi?

Nauliza kwa sababu mwanagenzi wa gofu hana pa kujificha. Kwenye soka ukiwa mbovu wenzako kumi wanakufunika, na ukikosa goli unasingizia krosi. Kwenye gofu mpira umetulia, hausogei, hakuna anayekukaba. Upo wewe na fimbo, na nyuma yako wapo watu wanne wameegemea fimbo zao wanangoja upige ili nao wapite. Ukipiga hewa, umepiga hewa mbele ya mashahidi. Kiswahili kina maneno mawili kwa mtu wa namna hii. Mwanagenzi ni yule anayejifunza kazi kwa fundi. Limbukeni ni yule ambaye ugeni wake unachekwa. Mtu ni mmoja, kinachobadilika ni mdomo wa anayemtaja.

Tuanze Uskoti, huko mchezo ulikolelewa. Mwaka 1744 mabwana wa Edinburgh waliokuwa wakicheza kwenye uwanja wa Leith walipewa na mji fimbo ya fedha ya kushindania. Ili wasigombane wakaandika sheria 13, ambazo ndizo za zamani zaidi zilizohifadhiwa. Mshindi alikuwa daktari wa upasuaji, John Rattray. Ukizisoma sheria hizo huoni mahali panaposema mwanagenzi avumiliwe. Zinasema mpira ukianguka majini ufanyeje, na ukipotea urudi wapi. Lakini karibu na mwisho ipo moja inayosema kwamba yule ambaye mpira wake uko mbali zaidi na shimo ndiye apige kwanza.

Hebu itafakari hiyo. Nani huwa mbali zaidi na shimo? Ni yule aliyepiga vibaya. Fundi mpira wake umeshalala kando ya bendera, anasubiri. Sijui kama mabwana wale walikuwa na huruma yoyote, nadhani walitaka utaratibu tu, lakini utaratibu wao ulimlazimisha bingwa kusimama kimya mpaka asiyejua amfikie. Sheria hiyo ilidumu. Ni mwaka 2019 tu ndipo kanuni mpya zilipowahimiza watu, katika mchezo wa kuhesabu mipigo, kupiga pindi mtu akiwa tayari hata kama si zamu yake, ili kuokoa muda.

Baadaye adabu za mchezo nazo zikaingia vitabuni. Usiongee wala kujongea mwenzako akiwa anapiga. Usipige mpaka walio mbele wafike mbali usipoweza kuwafikia. Ukiona mpira wako hautapatikana kwa urahisi, wapungie mkono walio nyuma wapite. Dakika za kuutafuta zilikuwa 5, na mwaka 2019 zikapunguzwa kuwa 3. Ikabuniwa na hendikapu, yaani hesabu ya mipigo anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili aweze kushindana na hodari bila kuwa kichekesho. Mimi sijui mchezo mwingine ambao mbovu na bingwa wanaweza kucheza pamoja mchana kutwa na wakafungana kihalali. Muweke bondia wa mtaani na bingwa wa dunia ulingoni uone kama kuna hendikapu itakayomwokoa.

Lakini vitabu hivyohivyo viliandika pia, mpaka mwaka 2004, kwamba mtu anayecheza peke yake hana hadhi uwanjani, na lazima awapishe wote. Na nani huanza peke yake? Kijana asiye na wenzake wa kumwalika. Adabu zilikuwa tamu kwa mgeni aliyeletwa na mwenyeji. Aliyekuja kwa miguu yake shauri lake.

Wakongwe nao walikuwa na hofu zao. Mpira wa zamani ulikuwa mfuko wa ngozi ulioshindiliwa manyoya, na fundi mzuri alimaliza siku nzima akiwa ameshona michache tu. Bei yake ilikuwa ya kutisha. Karibu na mwaka 1848 ukaja mpira wa utomvu mgumu wa mti kutoka Asia, wa bei nafuu, ambao hata ukiharibika unayeyushwa na kufinyangwa upya. Allan Robertson wa St Andrews, mchezaji aliyehesabiwa kuwa bora kuliko wote wa zama zake, aliishi kwa kushona ile ya manyoya. Aliuchukia mpira mpya kama mwenye duka anavyomchukia machinga aliyetandaza bidhaa mlangoni kwake. Aliyekuwa akimfanyia kazi, Tom Morris, alipoonekana akiucheza, wawili hao wakakosana na Morris akaondoka akafungua kazi yake. Robertson alikuwa na haki ya kuogopa, mkate wake ulikuwa hatarini. Ila kwa mpira huo maelfu ya watu wasio na uwezo waliweza kuanza, na Robertson mwenyewe baadaye akalazimika kuuza huohuo.

Sasa twende Marekani, kwa kuwa huko ndiko swali langu linapata majibu mawili yanayopingana, na yote yamo katika miaka 17.

Mwaka 1896 mashindano ya wazi ya Marekani yalichezwa Shinnecock Hills, Long Island. Miongoni mwa walioandikisha majina alikuwamo kijana Mweusi wa miaka 16, John Shippen. Baba yake alikuwa mchungaji aliyepelekwa kuhubiri kwa Wahindi Wekundu wa Shinnecock, na kijana akaanza kubeba mabegi ya fimbo kwenye uwanja ule. Mskoti mmoja, Willie Dunn, mchezaji wa kulipwa, akamfundisha. Alikuwamo pia mwenzake, Oscar Bunn, mwenyeji wa Shinnecock. Wachezaji kadhaa wa kulipwa, wengi wao wahamiaji kutoka Uingereza na Uskoti, wakasema hawachezi kama wawili hawa wanacheza. Watazame hao waliogoma. Hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa mafundi wa fimbo na walimu wa gofu, watu ambao kwao walipita mlango wa nyuma. Wamefika nchi ngeni, na kitu cha kwanza wanachotafuta ni mtu wa kumweka nyuma yao.

Rais wa chama cha gofu cha Marekani, tajiri wa sukari Theodore Havemeyer, akawajibu kuwa mashindano yatafanyika hata kama watakaobaki ni Shippen na Bunn peke yao. Wagomaji wakanywea, wakacheza. Mashimo 36 kwa siku moja. Baada ya nusu ya kwanza Shippen alikuwa miongoni mwa waliokuwa mbele, mipigo 78. Nusu ya pili, kwenye shimo la 13, mpira ukaangukia kwenye njia ya mchanga, akaupiga na kuupiga, akatoka pale na mipigo 11. Aliachwa na bingwa, James Foulis, kwa mipigo 7 tu. Msomaji anayejua hesabu atatoa mwenyewe.

Aliendelea kucheza na kufundisha miaka mingi. Lakini chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kiliundwa mwaka 1916, mwaka 1934 kikaweka katika katiba yake kwamba wanachama wawe Wazungu tu, na kifungu hicho hakikuondolewa mpaka 1961. Shippen alifariki mwaka 1968. Alipewa uanachama mwaka 2009. Marehemu hawezi kuilipia ada wala kuitumia kadi.

Jibu la pili ni la mwaka 1913, huko Brookline karibu na Boston. Francis Ouimet, miaka 20, muuzaji katika duka la vifaa vya michezo, mtoto wa familia ya kawaida iliyoishi ng'ambo ya barabara mkabala na uwanja wa matajiri. Utotoni alikuwa akiukatiza uwanja akienda shule, anaokota mipira iliyopotea. Yeye na kaka yake wakachimba mashimo yao kwenye malisho nyuma ya nyumba. Akabeba mabegi. Sasa akaingia mashindano ya wazi kama mchezaji wa ridhaa, na baada ya mashimo 72 akajikuta amefungana na Waingereza wawili waliokuwa vinara wa dunia: Harry Vardon, bingwa wa Uingereza mara 5, na Ted Ray, bingwa wa mwaka uliotangulia.

Kesho yake, Septemba 20, wakacheza watatu kuamua mshindi, mvua imelowesha uwanja, watu maelfu wamefurika. Begi la Ouimet lilibebwa na Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10 aliyetoroka shule. Watu wazima walitaka wampe Ouimet mbebaji mwenye uzoefu badala ya kile kitoto, Eddie akalia, Ouimet akakataa kumwacha. Hapo ndipo ninapompenda Ouimet. Yeye mwenyewe siku ile ni mwanagenzi mbele ya wakongwe wawili, ana kila sababu ya kutafuta msaada mkubwa, na bado anamwangalia aliye mdogo kuliko yeye. Alipiga 72. Vardon 77, Ray 78.

Na wale wakongwe? Walimpa mkono, wakamsifu, hawakusingizia mvua. Wengi hueleza kuwa ni uungwana wa Kiingereza. Mimi naona kuna kitu zaidi. Vardon na Ray wote walizaliwa kisiwa cha Jersey, watoto wa watu maskini. Vardon alikuwa mtoto wa mtunza bustani, akaanza kubeba mabegi ya wageni akiwa mtoto, uwanja ulipochorwa karibu na kwao. Kwenye klabu za Uingereza mchezaji wa kulipwa, hata awe bingwa, hakuruhusiwa kuingia kwa mlango mkubwa. Miaka 7 baada ya Brookline, mwaka 1920, Mmarekani Walter Hagen alifika kucheza kule Deal, akakatazwa kuingia jengo la klabu, akaligeuza gari lake la kifahari kuwa chumba cha kubadilishia nguo mbele ya mlango. Vardon aliijua milango hiyo tangu utoto. Alipomtazama Ouimet alimwona mbeba begi mwenzake.

Lakini hata hili si kanuni, maana wale waliomgomea Shippen nao waliijua milango hiyohiyo. Anayetoka chini anaweza kukushika mkono au kukukanyaga kidole. Nimeona mambo hayo kwenye uandishi pia: mzee aliyehangaika miaka 10 kutafuta mchapishaji, akishatoka kitabu kimoja, ukimpelekea mswada wako anaushika kwa ncha za vidole kama samaki wa jana. Tuyaache hayo.

Barani kwetu kisa kinachoniuma ni cha Durban. Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa, Mhindi wa Afrika Kusini, hakusoma shule. Alijifunza gofu kwa kubeba mabegi, na alishika fimbo kinyume, mkono wa kushoto chini ya wa kulia, kwa vile hakuwepo mkongwe wa kumwambia kuwa amekosea. Bahati nzuri! Mwajiri wake, Graham Wulff, alimwona akipiga akampeleka Ulaya, na mwaka 1959 akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Akarudia 1960, na tena 1964. Mwaka 1963 akaruhusiwa kucheza mashindano ya Natal kwenye uwanja wa Wazungu mjini kwao, akashinda. Ubaguzi haukumruhusu kuingia ndani ya klabu. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliowashinda walikuwa ndani, pakavu, yeye alikabidhiwa kombe lake nje. Picha ile ilizunguka dunia. Mwaka 1965 akashinda tena Natal, akimwacha Gary Player mwenyewe, na baada ya hapo serikali ikamfungia viwanja. Alifariki mwaka 1978, maskini. Huyu mtu alikuwa bingwa, lakini mbele ya mlango ule aliwekwa kuwa mgeni wa siku ya kwanza maisha yake yote.

Afrika Mashariki hatukuandikiwa sheria kali kama za Afrika Kusini, ila seng'enge ilikuwepo. Klabu ya Entebbe inahesabu miaka yake tangu 1901, ya Nairobi tangu 1906, nayo mwaka 1935 ikapewa na mfalme wa Uingereza jina la kifalme. Zilikuwa klabu za Wazungu. Mwafrika aliingia akiwa mkata majani, mpishi, mhudumu au kedi, yaani mbeba begi la fimbo. Na hapo ndipo historia ilipofanya kitu cha ajabu. Bwana Shauri aliyetoka London, ambaye hajawahi kushika fimbo, alikuwa mwanagenzi. Kedi aliyetembea uwanja ule miaka 15, anayejua upepo wa saa kumi jioni unavutia wapi na mteremko unaoupoteza mpira uko wapi, alikuwa mkongwe. Mkongwe akabeba begi, mwanagenzi akapiga.

Tena sheria za gofu zinamkuza kedi huyo bila kujua. Mashindanoni mchezaji haruhusiwi kumwomba mpinzani wake ushauri. Anayeweza kumshauri ni mwenzake wa upande mmoja, kama anaye, na kedi wake. Basi kwa miongo mingi mwalimu halali wa gofu katika nchi zetu alikuwa mtu ambaye hakuruhusiwa kujiunga na klabu.

Uhuru ulipokuja milango ikafunguka kwa Waafrika wenye vyeo na fedha. Mwaka 1967 mashindano ya wazi ya Kenya yakaanza Muthaiga. Mwaka 1978 aliyeshinda ni Mhispania kijana, Severiano Ballesteros, ambaye naye utotoni alikuwa kedi kijijini kwao Pedreña, akajifunza ufukweni kwa fimbo moja, namba 3. Nadhani makedi wa Muthaiga walimtambua kwa namna alivyotembea.

Nayasema ya makedi kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nilipomaliza kidato cha nne, miezi ile ya kusubiri matokeo na mingine baada ya matokeo kutoka, nilibeba mabegi katika klabu moja ya mjini. Siitaji. Yapo niliyoyaona pale ambayo hayamo katika kitabu cha adabu. Alikuwepo ofisa mmoja wa benki, mtu mzima, glavu mpya, anajifunza. Alinipata mimi niliye mwanagenzi kama yeye, pamoja na kedi mzee tuliyemwita Babu. Shimo la nne mpira ukapotea. Tukiwa bado tunaupekua, mpira wa kundi la nyuma ukatua hatua mbili kutoka miguuni kwa bosi, bila sauti ya kuonya. Walikuwa hawakukosea shabaha. Bosi alisinyaa, mtu mwenye ofisi yenye zulia akawa kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Babu hakusema neno la hasira. Akanyoosha mkono juu, akawapungia wapite, halafu akamwambia bosi kwa upole, "Mzee, tuwapishe hawa, wana haraka ya kuwahi baa." Bosi akacheka. Walipopita, watatu hawakututazama. Wa nne akasimama, akamwambia bosi kwamba yeye alicheza mwaka mzima bila kuvuka korongo lile, akaondoka. Hakumpa somo. Maana wapo wakongwe wa aina nyingine, wasumbufu kwa wema wao, wanaomwaga mafundisho manane kwa kila mpigo: kichwa chini, goti, bega, kiwiko, mpaka mwanafunzi anasahau hata jina lake. Babu alikuwa akitoa moja kwa siku. Alikupa fimbo iliyo sahihi kabla hujaomba, kama vile wewe ndiye uliyeichagua.

Malipo ya kazi hiyo yalikuwa ya kusubiri mlangoni jua likizama, na siku nyingine ulilipwa kwa ahadi. Babu alikuwa amefundisha, kwa hesabu yake, wakurugenzi watatu na kanali mmoja. Ndani ya jengo alikuwa hajawahi kuingia zaidi ya pale panapowekwa mabegi.

Jumatatu uwanja ulikuwa wetu. Klabu nyingi huwaachia makedi siku hiyo, majani yakikatwa. Tulicheza kwa fimbo za kuazima, nyingine vipini vimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Jumatatu yangu ya kwanza tulikuwa wanne. Watatu walipiga, mipira ikaenda kama imetumwa. Wangu ulirukaruka kwenye nyasi ukasimama hatua 20 mbele yangu. Wale wawili wakaanza kutembea huku wakicheka, limbukeni huyo! Babu akawaita warudi, akawasimamisha pembeni, akaweka begi chini.

"Dogo, wewe ndiye uko mbali," akasema. "Anza."